Kisu cha Mfukoni Kinataka Digrii

Jamani, kuna vitu mtu mzima hatakiwi kufanyiwa usaili ndiyo auziwe. Chumvi. Kandambili. Kiberiti. Mimi kwenye orodha hiyo nilikuwa nimeweka na kisu cha mfukoni, kile cha kukunja. Nilitaka cha kumenyea chungwa, cha kukatia kamba ya gunia la mkaa, cha kufungulia boksi. Yamekwisha. Sina vita na mtu. Sina ng'ombe wa kuchinja, na ningekuwa naye mngenisikia naongea kwa sauti nyingine kabisa. Lakini wewe jaribu tu kutamka neno kisu mbele ya wanaume wa siku hizi. Umejitafutia. Unaulizwa, tena kwa sauti ya daktari: "Cha chuma gani?"

Chuma gani! Mimi tangu nizaliwe najua chuma cha aina mbili. Kilichoshika kutu, na ambacho bado.

Aliyeniuliza ni shemeji, kaka yake mama watoto. Mtu wa aina hiyo mnamjua, kila mtaa umegawiwa wake. Anajua injini ya gari asilokuwa nalo. Anajua kwa nini dola itapanda kesho. Anajua timu yangu itafungwa ngapi na, kinachoniuma, inafungwa hizo hizo. Sasa kahamia kwenye visu. Simu yake imejaa video za Wazungu wenye ndevu wanaokata kamba ya mkonge. Wanakata, wanahesabu. Wanakata, wanahesabu. Mpaka kisu kikatae. Ndiyo kazi yao. Kuna watu duniani wanalipwa kwa kukata kamba, na mimi nakatwa mshahara.

Kanikalisha kwenye benchi pale kwa Mangi, mbele za watu, darasa likaanza. "Shemeji, kisu ni kaboni." Nikaitikia. Mimi huwa naitikia. Chuma kitupu, anasema, ni laini, hakikupeleki popote. Ukikitia kaboni kidogo ndiyo kinageuka chuma cha pua, kinashika makali. Na kidogo chenyewe ni kidogo kweli. Nusu ya asilimia unapata kisu cha Uswisi, kinanoleka bila ugomvi. Ukikaribia asilimia 1 unapata kisu cha kukaa na makali yake siku nyingi. Ukifika 1.5 unapata kisu kigumu ambacho siku kikiwa butu utahama mtaa kumtafuta wa kukinoa. Halafu kuna kromiamu. Hiyo kazi yake kuzuia kutu. Ikifika kama asilimia 11 hivi ndiyo chuma kinaanza kujiita stenlesi, na visu vingi vya stenlesi vinaanzia 13 kwenda juu.

Mangi akauliza kama hayo yatatoka kwenye mtihani. Watu wakacheka. Wananicheka mimi. Mangi hata hakuangaliwa.

Shemeji hakujali, kahamia kwenye Rockwell. Hicho ni kipimo cha ugumu. Kuna mashine ina ncha ya almasi, inakandamizwa kwenye chuma kwa mzigo wa kilo 150, kisha wanasoma imezama kiasi gani. Kisu cha Uswisi kinasoma kama 56. Visu vya wenye hela zao vinasoma 60 na ushee. Mimi akili iligoma kwenye almasi. Kumbe duniani kuna almasi za kuchomea visu! Mama watoto nilimvisha pete ya shaba, ikamwachia alama ya kijani kidoleni, na shemeji huyu huyu alikuwepo, akapiga na makofi.

Pembeni alikaa mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa Bukoba. Alikuwa anamsikiliza shemeji kwa huruma. Akasubiri amalize. Akakohoa. "Kijana, hayo mambo sisi tulishayamaliza." Nikajua leo tumepatikana. Mwalimu akasema Wahaya walikuwa wanatengeneza chuma cha pua kwenye matanuri karibu miaka 2,000 iliyopita, Wazungu bado wanahangaika. Walichoma matete ya kinamasini ndani ya shimo la tanuri, chuma kikapata kaboni yake humo. Mabomba ya udongo ya kupulizia hewa wakayaingiza ndani kabisa ya tanuri, hewa ikawa inafika imeshapata moto. Nikamtazama Mangi, Mangi akanitazama. Si mnawajua ndugu zetu kwa sifa? Kumbe hii imechapishwa. Peter Schmidt na Donald Avery waliiandika mwaka 1978 kwenye jarida la Science. Ndiyo mambo yangu haya. Siku nikipanga kubisha, mwenzangu anakuwa na jarida.

Basi bwana, nikaenda Kariakoo na kichwa kizito. Dogo mmoja katandika visu juu ya boksi, vimepangwa kwa urefu, vyote vimeandikwa namba. Kimoja kimeandikwa 440. Shemeji alishanionya kwamba 440 zipo tatu, A, B na C, kaboni inapanda kwa kufuata herufi, na 440 iliyokaa bila herufi haikuambii kitu. Nikakunja uso. "Dogo, hii ni A au C?" Dogo akakichukua, akakigeuza, akakisoma kwa heshima zote. "Mzee wangu, A zimeisha. C zinaingia Jumatatu."

Pembeni palikuwa na kingine cha chuma cha Kichina, 8Cr13MoV. Mnaona hilo jina? Usiliogope, linajieleza lenyewe: hiyo 8 ni kaboni asilimia 0.8, hiyo Cr13 ni kromiamu asilimia 13. Chuma cha heshima tu, cha watu wa kipato chetu. Kinanoleka, kutu hakiipendi. Kilikuwa chembamba, hakina makeke. Ningekichukua. Nilishaingiza mkono mfukoni. Ndipo nikakiona cheusi.

Cheusi tii. Kinene mgongoni, milimita nne hivi. Ncha yake haijachongoka, imekatwa kona, mtindo wenye jina la Kijapani, tanto, unafanya ncha iwe nene itoboe vitu vigumu isivunjike. Mimi sina kitu kigumu cha kutoboa. Ubavuni kimeandikwa D2. D2! Shemeji alipoitaja hiyo alishusha sauti. Nikalipa. Bei siitaji, mama watoto anasoma safu hii.

Kituo cha kwanza, kwa muuza machungwa na toroli lake. Kila siku huwa namenyewa. Nikasema leo hapana, leo ni mwanaume kamili. "Nipe chungwa lenyewe, kisu ninacho." Akanipa. Nikakitoa cheusi changu. Kukifungua kulitaka mikono miwili, chungwa nikalibana kwapani. Watu wa kituoni wakageuka. Nikaweka makali kwenye ganda, nikasukuma. Hayaingii. Nikasukuma tena. Yakaingia yote kwa mpigo mpaka katikati ya chungwa, na ule unene wa mgongo ukalipasua vipande viwili. Nilikuwa kama napasua kuni. Maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko, yakaingia kwenye mkono wa shati, shati lenyewe la kazini, jeupe. Kipande kimoja kikadondoka. Mtoto mmoja wa shule akaniokotea. "Shikamoo, babu." Mimi nina miaka arobaini na kitu!

Muuza machungwa hakusema neno. Akachukua chungwa lingine. Kisu chake sasa, nikiangalie vizuri: cha jikoni, kile cha rejareja, mpini umevunjika ukazungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Bapa limenolewa miaka na miaka mpaka limebaki upana wa kidole. Hakina namba. Nadhani kiliwahi kuwa na maandishi, yakaisha pamoja na chuma. Akakipitisha mara mbili kwenye ukingo wa zege pale, fya, fya, akaanza. Ganda likatoka utepe mmoja mwembamba, mrefu, halikatiki, linaning'inia tu mpaka kwenye ndoo. Na hakuwa anaangalia mikono yake. Alikuwa ananiangalia mimi.

Hapo ndipo darasa la shemeji lilipo na tundu. Anahubiri kaboni usiku na mchana, unene hasemi. Kumbe kinachokata ni wembamba. Chuma kinakuambia makali yatakaa muda gani kabla hujarudi kunoa, basi. Kitakata au hakitakata, hilo ni suala la umbo. Chuma cha bei mbaya ukikitengeneza kinene kitashindwa na bati jembamba lililonolewa vizuri, na kitashindwa mbele za watu. Ncha nayo, hivyo hivyo. Kwa sisi wa chungwa na boksi, ncha ya kawaida inayoshuka kidogo kutoka mgongoni inatosha kabisa. Tanto ni ya watu wanaotegemea kutoboa mlango wa gari. Mimi gari lenyewe la kupanda naligombania.

Yakaisha? Yataisha vipi. Cheusi changu nilikifuta kwenye suruali nikakirudisha mfukoni na maji yake ya chungwa. Kesho yake asubuhi kina madoa ya kahawia kwenye makali. Kutu! Nikamfuata shemeji mbio. Wala hakushtuka. "Shemeji, D2 siyo stenlesi kamili. Kromiamu ina kama asilimia 12, lakini nyingi imejifunga na kaboni, haibaki ya kutosha kupambana na kutu. Na wewe unakaa karibu na bahari, unatoka jasho." Sasa hayo kwenye benchi si ungeyasema? Ungeshusha sauti hapo pia! Yaani mimi kosa langu ni kutoka jasho Dar es Salaam.

Halafu kikawa butu, nikakipeleka kwa yule jamaa mnoa visu wa baiskeli. Mnamjua, anapita mitaani, akifika kwako anainua baiskeli kwenye stendi, anapiga pedali na jiwe linazunguka. Akakiweka changu. Cheche. Cheche nyingine. Akapiga pedali mpaka jasho likamtoka, akasimama, akakiangalia. "Mzee, hiki kina roho mbaya." Nikamwambia komaa. Akakomaa. Kilipotoka, makali yana rangi ya bluu. Nikafurahi, nikajua ni urembo. Shemeji akashika kichwa. Ukiona makali yamebadilika rangi kwenye jiwe kavu la kasi, anasema, ujue moto umeshakula ule ugumu wote uliolipia. Kwa hiyo sasa nina kisu kinene, chenye kutu, laini. Chote kwa bei ya kigumu.

Nikaamua kurudi kwenye mambo ya wazee. Kuna mzee wa gereji tulibadilishana, nikampa cheusi, yeye akanipa Okapi. Hiki ni kisu chenye historia na sisi. Wajerumani walianza kukitengeneza mwaka 1902 kwa ajili ya kuwauzia watu wa makoloni yao Afrika, yaani miaka mitatu kabla ya Maji Maji. Mnyama mwenyewe okapi ni wa misitu ya Kongo, na wataalamu wa Ulaya walikuwa ndiyo kwanza wamempa jina la kitaalamu, 1901. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mbao, una nyota na mwezi. Bapa jembamba, refu, la chuma cha kaboni. Kinakata, sitaki niseme uongo, kinakata kweli. Mgongoni kina pete ya kuvuta ukitaka kukifunga, na ukikifungua kinatoa mlio. Kr-kr-kr-kr.

Mlio huo ndugu zangu ndiyo ulioniponza. Kule Afrika Kusini wahuni walishakichafulia jina, na nahisi habari zimefika Mbagala. Saa kumi na moja jioni, daladala limeshona, mimi nimebanwa siti ya nyuma na mfuko wa karanga umefungwa fundo gumu. Nikatoa Okapi. Kr-kr-kr-kr. Mama wa kulia akahama. Kijana wa kushoto akahama. Wa mbele wakasogea mbele zaidi, na mbele palikuwa hapana nafasi, sijui waliingia wapi. Siti nzima peke yangu! Nikatabasamu kuwatoa hofu. Wakazidi kusogea. Konda akaja taratibu, mikono juu kidogo. "Mzee wangu, shuka tu hapa. Nauli tumekusamehe." Hapa penyewe ni katikati ya madimbwi. Nikashuka. Karanga nikazifungua kwa meno.

Shemeji akanionea huruma, akaniazima kisu chake cha Kifaransa. Opinel. Wanakitengeneza tangu 1890, alikianzisha Joseph Opinel kule milimani Savoie. Kipo kwa namba, kidogo mpaka kikubwa, namba 8 ndiyo ya watu wengi, bapa lake sentimita 8.5. Chembamba! Hatimaye mtu katengeneza kisu chembamba. Mpini wa mti, na shingoni kina pete ya chuma unaizungusha, kisu kinaloki, hakikufungi vidole. Pete hiyo waliiongeza 1955. Kipo cha stenlesi na kipo cha kaboni. Shemeji, bila shaka, ana cha kaboni. Stenlesi anasema ni ya watu waoga.

Nikakichukua kwenda nacho ukweni, Muheza. Desemba, mvua za vuli zinamwagika. Tumekaa sebuleni, baba mkwe, mama mkwe, wajomba, mashangazi, kanisa zima. Likaletwa embe dodo kwenye sinia. Baba mkwe akauliza nani ana kisu. Nilisubiri swali hilo tangu harusi. "Ninacho, baba." Nikakitoa. Nikaingiza ukucha nivute. Hakitoki. Nikavuta. Ukucha ukakunjika. Nikajaribu kwa meno, mama mkwe akaangalia pembeni. Kumbe mpini ule wa mti ukila unyevu unavimba, unalibana bapa kwa ndani. Nikakumbuka shemeji aliniambia dawa yake ni ya wenyewe huko Savoie: unagonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, kisu kinachomoza chenyewe. Kigumu kilichokuwa karibu ni meza ya baba mkwe. Nikagonga. Ko. Ko. Ko.

Sebule ikanyamaza. Watoto wakaambiwa shii. Wajomba wakaweka vikombe chini. Wakajua mkwe anaomba nafasi ya kuongea.

Ungefanyaje? Nikasimama. Nikasema nawashukuru kwa mapokezi. Nikasema familia ni kitu kikubwa. Sijui maneno mengine yalitoka wapi, nilijikuta nimeahidi mbuzi. Wakapiga vigelegele. Kisu chenyewe kilichomoza wakati natamka neno mbuzi. Na embe lilipokatwa, bapa likageuka rangi ya majivu, maana chuma cha kaboni na maji ya tunda hawapatani, na baba mkwe akatafuna kipande, akanyamaza, akasema lina ladha ya msumari.

Mbuzi bado nadaiwa.

Msije mkadhani stenlesi nayo ilizaliwa na heshima. Harry Brearley aliyeitengeneza Sheffield mwaka 1913, kromiamu asilimia 12.8, alikuwa anahangaika na mitutu ya bunduki. Wahunzi wa visu wa mji wake wakamcheka, eti ni mvumbuzi wa visu visivyokata. Nampenda mzee huyo. Ningekuwepo ningemnunulia chai. Kazi ilikuja kutengemaa baadaye, watu walipojua kuipika vizuri.

Sasa hivi natumia cha Uswisi, orijino, mpini mwekundu. Nilipewa na padri mmoja Mswisi aliyekuwa anarudi kwao. Karl Elsener alifungua karakana yake kule Ibach 1884, kisu cha maofisa akakisajili 1897. Mama yake aliitwa Victoria, alipofariki 1909 mwanawe akalibeba jina kwenye biashara. Chuma chake ndiyo kile shemeji anachokidharau, kaboni nusu asilimia, kromiamu kama 15. Laini. Na mimi ndicho ninachokipendea. Kikiwa butu nageuza kikombe cha udongo juu chini, ule ukingo wa kitako usiopakwa rangi inayong'aa ndiyo jiwe langu. Nainua mgongo kidogo, nyuzi kama 20, napitisha huku, napitisha kule, kabla chai haijapoa nimemaliza. Kwa kisu kigumu utakwangua kikombe mpaka kiishe.

Kasoro kinazo. Hiki cha kwangu hakiloki. Kina springi tu mgongoni. Siku moja natoboa tundu jipya kwenye mkanda, maana maisha yameniondolea tumbo, nikasukuma ncha, kikajikunja kwenye kidole changu cha shahada. Damu. Nikapelekwa zahanati na suruali nimeishika kwa mkono mmoja. Nesi akauliza nimepigana na nani. Nikamwambia na mkanda. Akaandika. Na usisahau kukitoa mfukoni ukienda kupanda ndege, tangu Septemba 2001 visu haviingii na abiria, hata kiwanda chenyewe mauzo yalianguka vibaya kipindi kile. Mimi nilikumbushwa kwenye foleni, kwa sauti, na abiria wote wa Mwanza wakaniangalia nikivua viatu.

Lakini wataalamu wote hao, wenye ndevu na shemeji wao, kuna kipimo hawajawahi kukiweka kwenye video. Kuazimwa. Ukishajulikana mtaani una kisu, si chako tena. Mangi anakiomba afungue katoni za sabuni. Dogo wa bodaboda anachunia waya, waya wenye umeme kama hukumwahi. Jirani anafungulia kopo la rangi, anakitumia ncha, anakipinda. Chuma kigumu hapo ncha ingevunjika, hadithi imekwisha. Laini inapinda, unainyoosha kwa koleo, maisha yanaendelea. Kwa hiyo ukienda dukani usijiulize wewe utakata nini. Jiulize jirani yako atafungulia nini. Chukua stenlesi, laini, chembamba, ncha ya kawaida, na kama kuna kinacholoki chukua hicho, vidole havina spea. Namba za ubavuni mwachie shemeji azisome. Na kisiwe cheusi, kikidondoka usiku hukioni.

Na nyie mliokuwepo kwenye msiba wa wiki iliyopita pale mtaa wa pili, kwenye lile turubai la kukatia vitunguu: kuna mtu kaazima kisu changu chekundu akasema dakika tano. Sikumshika sura, machozi ya vitunguu yalikuwa yamejaa machoni. Naomba akiache kwa Mangi. Asikinoe. Asikipeleke kwa yule wa baiskeli. Akilete tu kama kilivyo, hata kama kimepinda.

Na shemeji asiambiwe.